Ndege wa Kaskazi na Ndege wa Ukungu: Mkazi wa Mombasa Aanzie Mlima Gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisauni. Tangu nistaafu nimezoea kutazama ndege ufuoni na kwenye mikoko ya Tudor, na sasa natamani kuwapeleka wajukuu wangu wawili katika mbuga ya milimani likizo ya Desemba, kwa kuwa nimesoma kwamba majira ya baridi ya Ulaya ndiyo wakati bora wa kutazama ndege huku kwetu. Wengi wananishauri niende Mlima Kenya, lakini magoti yangu hayaniruhusu kupanda sana. Je, niende wapi, wakati gani hasa, na ninunue darubini ya namna gani?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nimefurahi kulipokea swali lako, kwa sababu wengi wetu wa pwani tumezoea kuiona milima kuwa ni ya watu wa bara na ndege kuwa ni wa watalii, ilhali kutoka Kisauni hadi kwenye msitu wa ukungu wenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani ni safari ya asubuhi moja. Nitatanguliza jibu fupi, kisha nieleze sababu zake. Safari yako ya kwanza iwe Milima ya Taita, si Mlima Kenya. Ifanye katika siku za mwisho za Desemba, mvua za vuli zikishapungua, au mwanzoni mwa Januari kabla shule hazijafunguliwa. Kama mfuko unaruhusu, ongeza usiku mmoja au miwili huko Ngulia, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, na kabla ya kuchagua tarehe angalia kwanza mwezi utaandama lini. Darubini nitaizungumzia baadaye, kwa kuwa ina mambo yake kwa mtu anayeishi kando ya bahari.

Uliyoyasoma kuhusu majira ya baridi ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Kuanzia mwezi wa Septemba, siku zinapofupika Ulaya na kaskazini mwa Asia, wadudu huadimika na ardhi huanza kuganda, na ndege wanaoishi kwa kula wadudu hawana budi kuhama. Wengi hupitia Mashariki ya Kati na Pembe ya Afrika, wakaingia Kenya kati ya Oktoba na Desemba wakizifuata mvua za vuli, na baadhi yao huendelea hadi Zambia, Msumbiji na Afrika Kusini kabla ya kurejea makwao Machi na Aprili. Kwetu sisi huo si wakati wa baridi hata kidogo. Ni wakati wa kaskazi, wa jua kali na usiku wa jasho. Upepo ule ule uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Ghuba na Bara Hindi katika bandari yetu ndio unaomsaidia kozi wa Amur, ndege mbuai mdogo anayezaliana mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, akapumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha akaivuka Bahari ya Hindi bila kutua, masafa ya zaidi ya kilomita 3,000, na kuingia Afrika Mashariki mnamo Novemba na Desemba. Mkiwa njiani baina ya Maungu na Voi baada ya mvua, wakati kumbikumbi wanaporuka, mwambie dereva asimame mahali pa salama mtazame juu. Huenda mkaliona kundi zima la kozi hao, dume akiwa wa kijivu kilichokoza, mwenye miguu ya rangi ya chungwa na weupe unaomulika chini ya mbawa kila anapogeuka, wakiwadaka kumbikumbi kwa makucha na kuwala hapo hapo hewani.

Nusu ya pili ya habari ndiyo ambayo wasafiri wengi hawaambiwi: wageni hao, kwa sehemu kubwa, si ndege wa msitu wa mlimani. Wao hupenda vichaka vya Tsavo, nyasi, mabwawa na fuo zenye tope kama hizo unazozijua huko Tudor. Juu milimani hufika wachache tu. Yuko mmoja mwembamba wa kijivu, mwenye manjano chini ya mkia, ambaye hukaa kando ya vijito vya milimani kuanzia Oktoba hadi Machi akirukaruka juu ya mawe huku mkia wake mrefu ukitikisika bila kupumzika; yuko na mwingine mdogo, dume akiwa na utosi mweusi na jike utosi wa kahawia, anayekula matunda pembezoni mwa misitu ya juu. Mtu anayepanda mlimani akitarajia kuwakuta ndege wa Ulaya kwa mamia atarudi amevunjika moyo, na kosa halitakuwa la mlima. Mlima una ndege wake wenyewe, ambao hawahami kwenda ng'ambo na ambao wako pale Desemba kama walivyo Julai. Kwa hiyo, Mwalimu, ukiitaka safari ya likizo moja yenye mambo yote mawili, ni lazima uchague mahali ambapo nyika ya wageni na msitu wa wenyeji vimekaribiana, na hakuna mahali palipokaribiana kwa namna hiyo, kwa mtu wa Mombasa, kuliko Taita na Tsavo.

Nianze na wageni. Ngulia ni safu ya vilima vya mawe ndani ya Tsavo Magharibi, na hoteli iliyoko pale kwenye ukingo iliwekewa taa kubwa za kumulika mahali ambapo wanyama huja kunywa maji usiku. Ndege wadogo wanaohama husafiri usiku, wakijiongoza pamoja na mambo mengine kwa nyota. Mwezi wa Novemba na Desemba, ukungu unapoteremka juu ya vilima vile katika usiku usio na mbalamwezi, ndege hao hupoteza dira, huvutwa na mwanga wa taa na kushuka kwa wingi usiomithilika. Kukipambazuka vichaka vinavyoizunguka hoteli huwa vimejaa ndege waliokuwa Uhabeshi siku chache tu nyuma. Tangu mwaka wa 1969 wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakikutana pale kila mwaka kuwanasa kwa nyavu laini, kuwapima, kuwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Waliovishwa pete hadi sasa ni mamia ya maelfu, na baadhi yao wamepatikana tena Urusi na katika nchi za Mashariki ya Kati. Tunayoyajua leo kuhusu njia za ndege wahamiaji katika upande huu wa Afrika yametoka pale kwa kiasi kikubwa.

Miongoni mwao yuko mmoja ambaye napenda wajukuu wako wamsikie habari zake, hata kama hawatamtambua kwa macho, kwa maana ni ndege mdogo wa rangi ya udongo asiye na pambo lolote, anayezaliana katika majani marefu yenye unyevu huko Ulaya. Jina lake la kisayansi ni Acrocephalus palustris. Dume wake hujifunza kuimba kwa kuwaiga ndege wengine, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka wake wa kwanza anaipitisha Afrika, wimbo anaouimba akirudi kwao umejaa sauti za ndege wa huku. Mkulima wa Ubelgiji anayemsikiliza mwezi wa Juni anasikia sauti za ndege wa nyika za Afrika, pengine bila kujua.

Kama utakwenda Ngulia, basi panga siku zako ziangukie mwisho wa mwezi au mwanzo wa mwezi mwandamo, maana usiku wa mbalamwezi ndege huiona njia na hupita juu bila kushuka. Hata hivyo ukungu hauna miadi na mtu, na usiku mmoja unaweza kuwa mtupu huku unaofuata ukawa wa kustaajabisha. Ndiyo sababu nimesema usiku mmoja au miwili. Mkiwakuta wanaovisha pete kazini, watoto wanaweza kutazama kwa karibu wakikaribishwa, lakini wasimguse ndege, kwa kuwa kumshika kunahitaji ujuzi na kibali.

Sasa wenyeji wa mlimani, ambao kwangu mimi ndio kiini cha safari yako. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya mlolongo wa milima mikongwe unaopita Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa nchini Tanzania. Kilele chake cha juu, Vuria, kina mita 2,208, na pande zote imezungukwa na nyika kavu ya Tsavo. Upepo unaotoka baharini kwetu, uwe wa kusi au wa kaskazi, husafiri juu ya nyika hiyo ukiwa umebeba unyevu, na unapoigonga milima hulazimika kupanda, ukapoa, ukageuka ukungu. Matone hunaswa na majani, kuvu na nyuzi za mimea inayoning'inia matawini, yakadondoka chini hata siku ambazo hakuna mvua. Msitu ulioishi kwa maji hayo kwa muda mrefu mno, ukitengwa na misitu mingine na ukavu wa Tsavo, umelea ndege ambao hawapo mahali pengine popote. (Na tusisahau kwamba maji tunayokunywa wengi wetu Mombasa, yale ya chemchemi za Mzima, ni mvua na umande uliomezwa na vilima vya Chyulu hapo jirani, kwa hiyo deni letu kwa milima hii si la ndege peke yake.)

Ndege hao wa Taita ni watatu, na wote wako hatarini kwa sababu msitu wa asili uliobaki ni vipande vidogo tu juu ya vilele, vikizingirwa na mashamba na miti ya kupandwa. Wa kwanza, Turdus helleri, ana kichwa na kifua cheusi, tumbo jeupe, ubavu wa rangi ya kutu na mdomo wa chungwa iliyokolea. Anaishi chini, kwenye kivuli kizito, na yuko katika misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia. Wa pili, Zosterops silvanus, ni mdogo wa kijani na kijivu mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho, na hutembea kwa makundi yenye kelele juu ya miti, hivyo ndiye rahisi kuliko wote. Wa tatu, Apalis fuscigularis, ni mdogo zaidi, mwenye koo jeusi na jicho jepesi, na ni miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka barani Afrika. Anapenda mapengo yenye vichaka ndani ya msitu, mahali mti ulipoanguka na mwanga ukapenya.

Nakushauri uende Ngangao, kwa sababu unafikika kwa gari kutoka mji wa Wundanyi na njia yake ya ndani haina miinuko mingi ya kuyatesa magoti. Pale huhitaji kupanda, unahitaji kusimama. Mtu anayetembea msituni kwa mwendo wa kawaida huwasukuma ndege mbele yake na kuona migongo tu, lakini aliyekaa juu ya gogo kwa nusu saa, akiwa kimya, huanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mahali pale. Msikilize kwanza yule Turdus helleri anayeishi chini kabla ya kumtafuta kwa macho. Utasikia jani kavu likigeuzwa, kisha kimya, kisha jani jingine likigeuzwa hatua mbili mbele. Huyo ni yeye, anafukua majani kwa mdomo mara moja, mara mbili, anasimama wima, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha anachomoa mnyoo au mdudu na kusogea. Ukiutambua mpangilio huo wa sauti hutaweza kuusahau, na utamwona mara nyingi zaidi kuliko mtu mwenye darubini ya bei kubwa asiyejua kusikiliza.

Jambo jingine la msitu wa mlimani ni kwamba ndege hawakusambaa sawasawa. Unaweza kukaa muda mrefu bila ya kuona hata unyoya, watoto wakaanza kuchoka, kisha ghafla matawi yote juu yenu yakajaa: ndege wa jamii nyingi tofauti husafiri pamoja msituni wakitafuta wadudu, kila mmoja katika kimo chake, kwa kuwa macho mengi humwona kipanga mapema zaidi. Msafara wa namna hiyo ukipita, usihangaike kumtambua kila mmoja. Chagua mmoja, mtazame hadi umjue, kisha umwachie msafara uende zake.

Kuhusu saa, mazoea ya pwani ya kuwahi kabla jua halijachomoza hayafai sana huku. Asubuhi yenye ukungu wadudu huwa wamezubaa kwa baridi, na ndege wengi huanza shughuli jua likishagusa miti, kati ya saa mbili na saa nne. Kaeni pembezoni mwa msitu, upande wa mashariki, ambako jua hufika kwanza, kisha muingie ndani joto likipanda. Saa za alasiri ni za kupumzika na kunywa chai Wundanyi.

Naijua hoja ya wanaokutuma Mlima Kenya, nami siupuuzi mlima huo hata kidogo. Kilele chake kina mita 5,199, mbuga yake ilitangazwa mwaka wa 1949, na juu ya mstari wa miti kuna ndege wa ajabu, hasa chozi mmoja wa kijani kinachong'aa, mwenye mkia mrefu na vishada vyekundu ubavuni, anayefyonza maua ya lobelia kubwa na kuwinda wadudu kati ya majani yake, mahali ambapo maji huganda usiku. Lakini huyo huishi juu ya mita 3,000, na mtu aliyelala Kisauni, sawa na bahari, asipelekwe kulala mita 3,000 usiku unaofuata. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili usiozoea unaweza kupatwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, na kwa mtoto ni vigumu zaidi kuzitambua dalili hizo mapema. Siku utakapoamua kwenda, lala kwanza usiku mmoja au miwili Nanyuki au Naro Moru, karibu na mita 2,000, tembelea msitu wa chini kwa mchana, na mtu yeyote akiumwa kichwa kisichotulia mteremsheni bila kungoja kesho. Msitu huo pia una nyati na ndovu, kwa hiyo hutembei humo bila askari wa wanyamapori, jambo ambalo Ngangao halikusumbui. Kwa safari ya kwanza ya bibi na wajukuu wake, naona gharama na uchovu wa Mlima Kenya vinazidi kile mtakachokipata.

Umeuliza wakati gani hasa. Kama ungekuwa peke yako, ningekuambia usubiri hadi mwisho wa Januari na Februari, kwa kuwa vuli imekwisha, ukungu wa Taita hufunguka mapema, barabara za juu hazina utelezi na wahamiaji bado wako nyikani. Kwa ajili ya shule, siku baina ya Krismasi na kufunguliwa kwa muhula zinatosha, mradi mbebe makoti ya mvua. Usiende Aprili wala Mei, maana masika hayana huruma kwa njia za milimani.

Lakini kuna baridi nyingine ambayo ningependa uifikirie, nayo ni yetu wenyewe, ya kipupwe, Juni hadi Agosti. Huo ndio wakati wa baridi wa nusu ya kusini ya dunia, na una wahamiaji wake ambao hawatajwi sana. Kati ya Aprili na Oktoba hufika katika misitu ya pwani yetu, kama Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede, ndege wanaozaliana kusini zaidi, akiwemo mmoja wa ajabu mwenye mgongo wa kijani, tumbo jekundu na kitambaa cheusi kichwani, Pitta angolensis, anayetembea juu ya majani makavu kana kwamba hana mbawa. Milimani nako kuna mwendo wa aina yake: katika Milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka, imechunguzwa na kuonekana kwamba baadhi ya ndege wa msitu wa juu huteremka kwenye misitu ya chini miezi hiyo baridi ikizidi. Likizo ya Agosti, basi, si ya kupoteza.

Kabla ya Desemba, wapeleke watoto mazoezini hapo Shimba Hills, Kwale. Si mlima kwa kipimo cha haki, ni kilima kirefu tu, lakini asubuhi kina ukungu wake, kina hondohondo wenye sauti kama ya mtoto analia, kina shorobo, na kina ndege wa manjano mwenye kichwa cha kijani, Oriolus chlorocephalus, ambaye katika Kenya nzima huonekana huko tu. Kuna ndovu, kwa hiyo msishuke garini ila mahali panaporuhusiwa. Mazoezi yenyewe ni haya: mtoto akimwona ndege, asimwondolee macho, ainue darubini hadi usoni huku bado akimtazama. Wanaoshindwa kutumia darubini karibu wote huinamisha kichwa kuiangalia darubini kwanza, kisha wakaanza kumtafuta ndege upya.

Darubini yenyewe iwe ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara nane, yenye kioo cha mbele cha milimita 42. Wauzaji watakusifia ya mara kumi au kumi na mbili, usikubali. Katika kivuli cha msitu unahitaji mwanga na upana wa kuona kuliko ukuzaji, na ukuzaji mkubwa hukuza pia mtetemeko wa mkono. Hakikisha imezibwa isiingie maji, na kwamba inaweza kumwona wazi kitu kilichoko mita mbili au tatu mbele yako. Moja kwa watu watatu haitoshi, kwa hiyo kama fedha ni chache ni afadhali mbili za kiasi kuliko moja ya kifahari.

Halafu kuna adui wetu wa pwani. Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi, na darubini inayofungiwa katika mkoba wake wa ngozi ndani ya kabati huota kuvu kati ya vioo, nyuzi nyembamba zinazotanda kuanzia ukingoni, na zikishakula kile kioo hakuna fundi wa kukirudisha kilivyokuwa. Itoe mkobani, iweke katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaokaza pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na mikoba, uvibadilishe au kuvikausha kila baada ya wiki kadhaa. Ukitoka ufuoni, ifute kwa kitambaa laini kilicholowanishwa maji matamu kidogo. Na mkiteremka kutoka Taita iliyo baridi kuja kwenye joto la Voi, iacheni ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa hadi ipate joto la nje, vinginevyo umande utaikaa vioo vyote.

Nguo ni jambo ambalo watu wa pwani hulidharau. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ikiwa alfajiri ya Desemba hapa ni nyuzi 24, Ngangao itakuwa karibu 13 pamoja na ukungu unaolowesha, na mwezi wa Julai itashuka zaidi. Kila mtoto awe na fulana, sweta na koti la mvua juu yake, boshori ya kufunika masikio, soksi za akiba na viatu vilivyofunika vifundo. Rangi ziwe za kufifia: kijani, kahawia, kijivu. Kanga nyekundu na koti la nailoni linalopiga kelele kila mkono unapotikisika viache Kisauni. Chupa ya chai ya tangawizi itakusaidia kuwatuliza watoto kwenye lile gogo kuliko maonyo yoyote.

Usafiri ni rahisi. Kutoka Mombasa hadi Voi kwa barabara ya Nairobi ni kama kilomita 160, na treni ya SGR inayosimama vituo vya kati nayo hupitia Voi. Kutoka hapo mnaelekea Mwatate, kisha mnapanda Wundanyi, ambako kuna matatu na nyumba za kulala za bei ya wastani. Tafuteni mwongozaji wa pale pale, kijana au mzee Mtaita anayeujua msitu, na mlipe vizuri, maana msitu unaowapa wenyeji riziki hupata walinzi. Mwombe asipige sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili kumvuta yule Apalis. Ndege anayedhani mshindani ameingia eneo lake huacha kula na kuacha kiota ili apigane na kitu kisichokuwepo, na jamii iliyobakiwa na wachache namna ile haina nafasi ya kupoteza hata kiota kimoja. Ada za Tsavo na Shimba Hills hulipwa mapema kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa fedha taslimu langoni, na ubebe kitambulisho chako ili utozwe kiwango cha raia.

Mwisho, kila mjukuu awe na daftari lake na penseli, kwa kuwa wino huchuruzika kwenye ukungu. Waandike tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na kile ndege alichokuwa akikifanya kabla ya kuandika jina lake, kisha wachore mdomo na mkia hata kama mchoro ni mbovu. Jina mtalitafuta jioni kwenye kitabu cha picha mkiwa mmekaa. Rekodi zilizo safi zinaweza kutumwa katika mradi wa Kenya Bird Map, unaoonyesha ndege gani yuko wapi nchini, na rekodi za nyanda za kati ya Maungu na Mwatate, ambazo wasafiri wengi huzipita kwa kasi, zitakaribishwa sana.